Kocha Anayeondoka na Kijana Anayebaki

Ipo kauli moja ambayo katika mji huu wa Bukavu imekwisha kuwa kama hukumu isiyokatiwa rufani, nayo husemwa kwenye ngazi za uwanja wa Concorde kule Kadutu, husemwa Nyawera watu wakingoja gari, na aghalabu husemwa na viongozi wa vilabu wenyewe, kila mara timu inapomfukuza kocha wake katikati ya msimu na baadhi ya vijana waliokuwa wakitumainiwa wakapotea machoni pa watu: kwamba mchezaji mzuri hucheza chini ya kocha yeyote. Kocha mpya, kwa rai ya wasemao hivyo, ni kama ungo. Akija hupepeta, mchele ukabaki na makapi yakaruka, na aliyeruka asimlaumu mtu ila nafsi yake. Kauli hiyo ni tamu kuisikia, kwa kuwa humpa msemaji sura ya mtu mwenye insafu, na humwondolea kiongozi wa klabu mzigo wa kujiuliza ametenda nini. Nami naiona kuwa si kweli, tena ni kosa lenye kudhuru, na kwa kuwa wanaodhurika ni vijana wetu ambao hawana pa kulisemea jambo lao, sioni udhuru wa kulinyamazia.

Si haki kumpinga mtu katika hoja yake dhaifu ukaikwepa iliyo imara, basi na nianze na ile ambayo wenyewe huitanguliza. Watakutajia Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, aliyehama Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011 akaja TP Mazembe, akatwaa pamoja nayo kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 2015, na mwezi wa Januari uliofuata akaenda Genk ya Ubelgiji. Kule alipokewa na Peter Maes, ambaye alifukuzwa Desemba 2016. Akaja Albert Stuivenberg, naye akafukuzwa Desemba 2017. Akaja Philippe Clement, na chini yake Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018-19, Samatta akiwa amefunga mabao 23 ya ligi. Makocha watatu, husema wenzetu, na mtu ni yule yule, kila kocha akija yeye anazidi kupanda. Je, burhani gani nyingine mwaitaka?

Naikubali habari yote jinsi ilivyo, ila nauliza jambo ambalo wao hawaliulizi: katika miaka ile, pamoja na miguu ya Samatta, ni kitu gani kingine ambacho hakikubadilika? Klabu ilikuwa imemnunua kwa fedha, na fedha ile haikuwa ya Maes wala ya Stuivenberg bali ya klabu. Mkataba wake ulikuwa wa miaka, umeandikwa, na mshahara wake haukungoja kocha aamke na moyo gani. Klabu kama ile ina watu wake wa kusajili wachezaji na matabibu wenye kuandika habari za mwili wa kila mchezaji, na hao hawafungi virago siku kocha anapofunga vyake. Kila kocha aliyeingia Genk alimkuta Samatta akiwa mali ya nyumba, na mgeni hathubutu kuitupa nje mali ya nyumba pasipo kuulizwa. Sisemi haya kumpunguzia Samatta sifa, maana kipaji chake ni dhahiri kwa kila mwenye macho. Nasema tu kwamba kipaji kilisimama juu ya sakafu, na wenzetu wametazama kilichosimama wakasahau kilichokibeba.

Tena habari ya Samatta haikuishia Genk. Mwaka 2020 alijiunga na Fenerbahçe ya Uturuki, akipokewa na Erol Bulut. Bulut akaondolewa Machi 2021. Na Vítor Pereira alipokwisha kushika timu, mwishoni mwa Agosti mwaka huo Samatta akapelekwa kwa mkopo Antwerp, akarudi tena katika ligi ile ile ya Ubelgiji aliyoiaga akiwa bingwa. Je, kipaji kilikauka kwa miezi michache? Watu hawataji sura hiyo ya hadithi, kwa kuwa haiwafai.

Mfano wao wa pili ni Mazembe yenyewe, nao ni mzito kuliko wa kwanza kwa sababu ni wa nchini kwetu. Mwaka 2009 ilichukua ubingwa wa Afrika chini ya Diego Garzitto. Mwaka 2010 ikautetea chini ya Lamine N'Diaye, na Desemba ya mwaka huo ikafika fainali ya kombe la dunia la vilabu kwa kuwashinda Internacional wa Brazil mabao 2 kwa 0, Kidiaba akiwa golini kama alivyokuwa mwaka uliotangulia. Mwaka 2015 kocha alikuwa Patrice Carteron. Na mwaka 2017 kombe la shirikisho lililetwa Lubumbashi na Pamphile Mihayo, ambaye zamani alikuwa mchezaji wa klabu hiyo hiyo. Makocha wengi, makombe mengi, na wachezaji kadhaa waliodumu katikati ya zamu hizo zote. Lakini ni nani asiyejua kwamba Mazembe ilikuwa na rais yule yule, Moïse Katumbi, na hazina yake. Kwamba ilijijengea uwanja wake Kamalondo. Kwamba wachezaji walisajiliwa na klabu, wakalipwa na klabu, wakalindwa na klabu? Pale kocha alikuwa mwajiriwa mmoja miongoni mwa waajiriwa. Mwenye kuutoa mfano wa Mazembe ili kuwahukumu vijana wa Bukavu ni sawa na mwenye kumlaumu mtu kwa kutovuka mto, ilhali daraja limejengwa upande wa pili wa nchi.

Sasa natutazame kwetu. Mji huu una timu zenye heshima, na pambano la OC Muungano na Bukavu Dawa linaweza kuufunga mji mchana kutwa. Zimekwisha kucheza ligi kuu ya taifa na zimetoa wachezaji waliokwenda mbali. Lakini katika vilabu vingi vya jimbo letu, vikubwa na vidogo, kijana wa miaka 19 au 20 ana nini mkononi? Mara nyingi ana karatasi ya usajili ambayo nakala yake hana, ana ahadi ya posho ambayo hufika ikijaaliwa, na ana neno la kocha. Kocha ndiye aliyemwona akicheza kwenye uwanja wa vumbi wa Bagira akamleta. Kocha ndiye aliyemwahidi nafasi. Kocha ndiye ajuaye kwamba goti lake la kulia liliumia na kwamba siku ya pili baada ya mechi asikimbizwe mlimani. Kocha ndiye atakayepiga simu Lubumbashi, Kinshasa au Dar es Salaam kusema, ninaye kijana, mtazameni. Hakuna daftari yanamoandikwa haya. Kwa kijana huyo kocha ndiye mkataba, ndiye tabibu, ndiye wakala. Na siku kocha anapofukuzwa, mara nyingi usiku, kwa uamuzi wa watu wachache waliokasirishwa na sare, vyote hivyo vinaondoka naye katika gari moja.

Namjua kijana mmoja wa Kadutu, jina lake silitaji wala klabu yake siitaji, aliyekuwa beki wa kushoto, mwepesi, mfupi wa kimo, mwenye krosi iliyokuwa ikiwafikia washambuliaji kichwani kana kwamba imepimwa kwa kamba. Asubuhi ya kwanza ya kocha mpya, timu ilikusanyika uwanjani ambako mvua ya usiku ilikuwa imeacha madimbwi, na kwa kuwa hakuna aliyempa mgeni orodha wala maelezo, aliwaita vijana kwa mavazi yao: wewe wa fulana ya bluu, wewe wa soksi nyeupe, wewe mrefu. Zikagawiwa fulana za mazoezi, za manjano kwa wale aliotaka kuwatazama kwanza, na waliosalia wakaambiwa wazunguke uwanja. Kijana wetu alizunguka uwanja. Siku ya pili akaomba ruhusa asikimbie mlimani kwa sababu ya goti, kama ilivyokuwa desturi yake chini ya kocha wa zamani, na kuanzia saa ile akawa na jina jipya, nalo ni mvivu. Kocha mpya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa timu asiyoijua, akaambiwa ashinde Jumapili, na mtu wa namna hiyo huchagua warefu, huchagua aliokwisha kuwafundisha mahali pengine, huchagua wasiomletea habari za magoti. Kijana alikaa benchi miezi, kisha hata benchi akaikosa, na njumu zake akamuuzia mdogo wa rafiki yake. Waliokuwa wakimshangilia wakasema, naam, kumbe hakuwa kitu.

Hebu tupime hukumu hiyo kwa mtu ambaye hakuna awezaye kusema hakuwa kitu. Chancel Mbemba, nahodha wa Leopards, timu yetu ya taifa, alifika Marseille mwaka 2022 na katika msimu wake wa kwanza alikuwa nguzo ya ulinzi chini ya Igor Tudor. Msimu uliofuata klabu ile ilimweka Marcelino, kisha Gattuso, kisha Jean-Louis Gasset. Kiangazi cha 2024 akaja Roberto De Zerbi, pamoja na mipango mipya ya viongozi, na Mbemba hakuwamo katika hesabu. Ugomvi wake na klabu ulikuwa na mengi ndani yake, pengine ya viongozi kuliko ya kocha, lakini matokeo yake kwa mchezaji yalikuwa kwamba msimu wa 2024-25 ulipita asiichezee klabu yake mechi hata moja. Katika miezi hiyo hiyo Sébastien Desabre, aliyeishika timu yetu ya taifa tangu Agosti 2022, aliendelea kumwita na kumpa kitambaa cha nahodha. Mtu mmoja, mwili mmoja, majira yale yale: mahali pamoja hafai hata kuvaa jezi, mahali pengine ni kiongozi wa taifa. Na Novemba 2025, pale Rabat, alipokwisha kuhamia Lille, ni yeye aliyewafunga Cameroon dakika za nyongeza, na siku tatu baadaye ni mkwaju wake wa penalti uliowatoa Nigeria katika safari ya kombe la dunia. Ungo gani huu ambao mchele wake mmoja huwa makapi Marseille na ukawa mchele Kinshasa?

Nao wenye kusema kwamba Mbemba alirudi kwa sababu ni hodari, na kwamba hodari hatimaye hurudi, wamesahau nini kilichomwezesha kungoja. Mtazameni na Joe Hart: golikipa huyo wa Manchester City aliyekuwa bingwa wa Uingereza mwaka 2012 na 2014, alipelekwa Torino kwa mkopo mara tu alipofika Pep Guardiola mwaka 2016. Akahangaika klabu hadi klabu miaka mitano, kisha akafika Celtic mwaka 2021 na kutwaa ubingwa wa Scotland mara tatu mfululizo. Alikuwa na uwezo wa kungoja miaka mitano. Kijana wa Kadutu hawezi kungoja miezi mitano, maana nyumbani wanamngoja yeye, na umri wa mchezaji haurudi nyuma kumtafuta.

Hapo ndipo watu hutoa hoja yao ya mwisho, ambayo tangu Februari 2024 imekuwa na nguvu ya pekee kwetu kwa sababu tuliionja wenyewe. Ivory Coast, wenyeji wa kombe la Afrika, walifungwa na Equatorial Guinea mabao 4 kwa 0 tarehe 22 Januari. Wakamwondoa kocha wao, yule yule Gasset. Wakamweka Emerse Faé. Na wachezaji waliokuwa wamekufa wakafufuka, wakatutoa sisi katika nusu fainali tarehe 7 Februari, siku ambayo vijana wetu walisimama wakati wa wimbo wa taifa mkono mmoja mdomoni na vidole vya mkono wa pili kichwani mfano wa bunduki, ili ulimwengu ukumbuke yanayotupata huku mashariki. Bao lilikuwa la Sébastien Haller. Siku nne baadaye wakawafunga Nigeria 2 kwa 1 na kombe likawa lao. Tazameni, husema wenzetu, kocha mpya huleta uhai mpya.

Lakini Haller hakucheza mechi hata moja ya kundi, kwa sababu kifundo chake cha mguu kilikuwa hakijapona. Naye Simon Adingra, aliyesawazisha dhidi ya Mali dakika ya 90 na kutoa pasi za mabao yote mawili ya fainali, vilevile alikuwa majeruhi katika siku zile za kufungwa. Aliyefufua timu ni nani basi, ni mabadiliko ya kocha au ni uponyaji wa miguu ya watu wawili? Na Faé alikuwa nani? Alikuwa msaidizi wa Gasset, mtu aliyekaa na wachezaji wale, aliyejua nani ana maumivu na nani ana huzuni. Hakuwa na haja ya kumwita mchezaji yeyote kwa rangi ya soksi. Mfano huu unathibitisha thamani ya kumbukumbu kuendelea, na wao wameutwaa kuthibitisha thamani ya kuvunja. Na kama wanataka ushahidi usio wa hisia, wachumi wawili wa Uholanzi, Jan van Ours na Martin van Tuijl, walichunguza misimu 14 ya ligi kuu ya nchi yao, tangu 2000-01 hadi 2013-14, wakazilinganisha timu zilizofukuza makocha na timu zilizopatwa na mfululizo kama huo wa matokeo mabaya lakini zikawabakiza makocha wao. Wakaona kwamba zote huinuka kwa kiasi kisichopitana. Bahati mbaya huisha yenyewe, na aliyefika siku inapoisha huandikiwa sifa.

Zingatieni pia habari ya Gasset. Aliondolewa Abidjan mwishoni mwa Januari, na kabla ya Februari kwisha alikuwa ameajiriwa Marseille. Kocha anaweza kufukuzwa siku yoyote na kuajiriwa siku yoyote. Mchezaji aliyepoteza nafasi kwa sababu ya uamuzi ule ule amefungwa na dirisha la usajili, na likiwa limefungwa hana pa kwenda hata akiwa na miguu ya dhahabu. FIFA imetunga tangu mwaka 2021 kanuni mahsusi za kulinda mikataba ya makocha, na ni vema. Kwa mchezaji aliyewekwa kando, ibara ya 15 ya kanuni za uhamisho humruhusu kuvunja mkataba ikiwa alicheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu, lakini sharti awe ni mchezaji aliyekwisha kujijenga katika kazi hiyo, na haki hiyo aitumie ndani ya siku 15 baada ya mechi rasmi ya mwisho ya msimu. Kijana wa miaka 20 asiye na nakala ya mkataba hawezi kuugusa hata ukingo wa ibara hiyo. Na hapa Bukavu tangu Februari 2025, vita vilipoingia mjini na uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, hata ile njia ya zamani ya kupanda ndege kwenda kujaribu bahati Lubumbashi au Kinshasa imekuwa ni kuzunguka nchi za watu.

Kuna neno moja la wenzetu ambalo nalikubali pasipo kinyongo: kocha mpya humfaa mtu fulani. Mchezaji aliyedharauliwa na wa kwanza huenda akapendwa na wa pili, na Desabre mwenyewe aliingia kwa sababu Héctor Cúper aliondolewa, timu yetu ikiwa imepoteza mechi zake mbili za kwanza za kufuzu. Tuisila Kisinda alitoka Vita Club kwenda Yanga mwaka 2020, na mwaka uliofuata akaenda Berkane ya Morocco, ambako Florent Ibenge, kocha wake wa Vita, alikuwa amekwisha tangulia. Lakini haya yote ni ushahidi wangu, si wao; maana kama kocha mmoja aweza kumpandisha mtu, basi mwingine aweza kumwangusha, na hiyo kauli ya kwamba mchezaji mzuri hucheza chini ya kocha yeyote imekwisha kufa kwa ushahidi wa wale walioileta. Na Desabre alipokwisha kuingia aliachwa akae. Katika kombe lile la Ivory Coast alitoa sare tatu katika kundi, na hakuna aliyemfukuza, akafika nusu fainali.

Kwa hiyo sidai kwamba kocha asiondolewe kamwe. Kocha mbaya aondolewe, ila aondolewe na watu wajuao wanachokivunja. Nadai kwamba Entente ya mpira ya mji na Ligi ya jimbo zisisajili jina la kocha mpya wa klabu yoyote katikati ya msimu mpaka klabu hiyo ionyeshe mambo matatu: taarifa iliyoandikwa ya kila mchezaji, pamoja na nafasi yake, majeraha yake na ahadi alizopewa, iwe imekabidhiwa kwa anayeingia, nakala ya mkataba ya kila mchezaji, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, iwe mkononi mwa mchezaji mwenyewe, na kocha msaidizi mmoja wa zamani abaki mpaka mwisho wa msimu. Watasema fedha hakuna. Daftari la kuandika majina 25 na magoti 50 lauzwa sokoni Kadutu, na kalamu huuzwa meza ya pili. Na msaidizi wa kubaki ni mtu ambaye klabu ilikwisha kumwahidi ujira wake tangu mwanzo wa msimu.